Nilivyofunga taa za ziada kwenye pikipiki, nawe ufunge zako vizuri

Natoka kazini saa sita usiku, na kutoka hapo hadi nyumbani ni kilomita 30 za barabara isiyo na taa hata moja. Pikipiki yangu ni ya cc 150. Balbu yake ya mbele ni ya wati 35, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu. Usiku mmoja, barabara ikiwa tupu, niliweka jiwe la ukubwa wa ngumi mbele ya pikipiki, nikawa nalisogeza na kurudi kukaa kwenye kiti, mpaka nikafika mahali ambapo kwa dimu, yaani mwanga wa chini, silioni tena. Zilikuwa hatua 38.

Sasa piga hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Jicho lione, akili ikubali, mkono ufike kwenye breki: hapo imepita sekunde moja na nusu, na mita 25 zimekwisha kabla breki haijagusa chochote. Breki nazo zinahitaji mita nyingine kama 20 kwenye lami kavu. Maana yake jiwe lile nalifikia nikiwa bado kwenye mwendo. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka kutafuta taa za ziada, na baada ya kuzifunga kwangu na kwa jamaa kadhaa, nina hakika na jambo moja: kununua taa ndiyo sehemu rahisi. Taa nzuri iliyounganishwa ovyo ni hatari kwako, na iliyoelekezwa ovyo ni hatari kwa anayekuja mbele yako.

Nalijua hilo kwa sababu mara ya kwanza nilifanyiwa kazi mbaya nami nikaipokea. Fundi aliyenifungia alikata waya wa taa kubwa kwenye usukani, akasokota waya za taa mpya juu yake, akazungushia tepu, basi. Hakuna fyuzi, hakuna rilei, ile swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Zilikuwa taa za balbu za halojeni, wati 55 kila moja. Ziliwaka vizuri kwa siku tisa. Siku ya kumi, nikiwa katikati ya kona, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha giza: taa mpya, taa kubwa, vyote kwa pamoja. Nilisimamisha pikipiki kwa kukumbuka tu barabara inavyokwenda. Asubuhi nilipofungua swichi ya usukani nilikuta waya mwembamba kama uzi wa kushonea kiatu umevuliwa ngozi yake yote, umekuwa mweusi, na plastiki ya swichi imeyeyuka ikashikana na kidude cha kubadilishia fulu (mwanga wa mbali) na dimu. Waya ule ulitengenezwa kubeba wati 35. Ulibebeshwa 145.

Kuchagua taa

Jiulize kwanza unataka nini. Kuna kuona mbali, kuna kuona karibu na pembeni, na kuna kuonekana. Hayo ni mambo matatu, na hakuna taa moja inayoyafanya yote vizuri.

Taa yenye mwanga mwembamba inapiga mbali lakini haioneshi ukingo wa barabara, ambako ndiko mbwa na watembea kwa miguu hutokea. Tena inaumiza macho ya wengine, kwa hiyo ni ya kuwaka pamoja na fulu tu. Taa ya mwanga mpana haifiki mbali, ila kwenye kona na kwenye mashimo ndiyo inayokuokoa. Na ipo ile ya ukungu, ambayo mwanga wake umekatwa juu kama kwa rula: chini kuna mwanga, juu giza. Ukiwa na uwezo wa kununua jozi moja tu, nunua hiyo ya tatu. Unaweza kuiwasha ukipishana na gari bila kumtesa mtu, na ikifungwa chini inaonesha kokoto na mashimo kwa vivuli vyake.

Kuhusu kuonekana, wengi hawalitilii maanani. Dereva anayekuja mbele yako usiku anaona nukta moja ya mwanga. Nukta moja haimwambii uko mbali kiasi gani wala unakuja kwa kasi gani, ndiyo maana watu wanatuingilia njia panda wakidhani wana nafasi. Ukiongeza taa mbili chini, kushoto na kulia, ikawa pembetatu na taa kubwa juu, jicho lake linapata upana wa kushika: pembetatu inakua kadiri unavyokaribia. Kwa kazi hii taa za wati 10 kila moja zinatosha kabisa, hata mchana.

Chukua LED. Zinakula umeme kidogo, nazo hazina uzi wa kukatika kwa mtikisiko. Angalia mgongo wa taa uwe wa aluminiamu wenye mapezi ya kutoa joto, na iwe na alama ya IP67, yaani vumbi haliingii na inavumilia kuzama kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Wati zilizoandikwa kwenye boksi usiziamini mpaka uzipime. Jozi ninayotumia sasa imeandikwa wati 60 kila moja. Nilipoipima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, taa zote mbili pamoja zilivuta ampia 1.4 kwa volti 13, yaani wati 18 zote kwa jumla. Nimebaki nazo, kwa sababu mwanga wake umekatwa vizuri na umeme wangu ni mdogo. Lakini ningenunua rilei na fyuzi kwa kufuata boksi ningekosea mbali.

Rangi: nyeupe au njano kwa mbele. Nyekundu ni ya nyuma tu, na za buluu waachie polisi na magari ya wagonjwa. Mimi napenda njano kwenye vumbi na mvua, kwa sababu hainirudishii ule weupe mkali machoni. Pia soma sheria za barabara za unakoishi kabla ya kununua, maana idadi ya taa na wakati wa kuziwasha hutofautiana.

Kuna wanaoona njia ya mkato ni kutoa balbu ya halojeni kwenye taa kubwa na kuingiza ya LED. Siipendi. Kioo cha nyuma ya balbu kimechongwa kwa kufuata mahali hasa ulipo uzi wa balbu ya asili, na kitu kingine kikikaa hapo mwanga unatawanyika hadi machoni mwa watu huku barabara yako ikibaki vilevile.

Umeme unatosha?

Pikipiki si gari. Koili ya kuchajia ya pikipiki ndogo inatoa umeme kidogo, na taa zikila zaidi ya kinachotengenezwa, tofauti inalipwa na betri mpaka ife. Pima hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima ya volti 12 inasoma kama 12.6 au 12.8. Washa injini, washa taa zote ulizonazo, ipandishe mpaka mzunguko unaotumia barabarani. Inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Kabla ya taa hizi, yangu ilisoma 14.1, na baada ya kuzifunga 13.8. Hapo niko salama. Ikiwa imesimama na injini inazunguka polepole inashuka hadi 12.5, kwa hiyo kwenye foleni nazizima. Kama yako inashuka chini ya 13 hata ukiwa kwenye mwendo, punguza wati.

Kipimo kingine kisikupite. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa hailishwi na betri, inalishwa moja kwa moja na koili, na umeme wake ni wa AC, unaogeuka mbele na nyuma. Utaijua: taa haiwaki mpaka injini iwake, na inaongezeka ukivuta mafuta. Waya wa taa ya namna hiyo usiuguse kabisa. LED ikiunganishwa hapo itapepesa au itakufa, na rilei itagonga kama meno ya mtu mwenye baridi. Chukua umeme kwenye betri.

Kuunganisha waya

Vifaa vyangu vilikuwa: waya wa milimita 1.5 za mraba kwa njia kuu na 0.75 kwa njia ya swichi, rilei ya volti 12 yenye miguu minne, nyumba ya fyuzi na fyuzi ya ampia 5, swichi ya usukani isiyoingiza maji, vichwa vya kubana, mipira ile inayosinyaa ikipashwa moto, na vifungo vya plastiki.

Fyuzi inalinda waya, si taa. Ukubwa wake unautoa kwenye umeme halisi unaovutwa: gawa wati kwa 12, upate ampia, kisha panda kidogo. Taa za wati 20 kila moja ni wati 40, sawa na ampia 3.3, kwa hiyo fyuzi ya 5. Ikikatika usiweke ya 15 ili isikusumbue tena. Tafuta waya unaogusa bodi.

Anza kwa kufungua nguzo hasi ya betri, ili spana ikigusa fremu kusiwe na cheche. Kisha:

Toka nguzo chanya ya betri uingie kwenye fyuzi. Fyuzi ikae karibu na betri uwezavyo. Yangu iko umbali wa kiganja. Kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, ndiyo maana kiwe kifupi.

Toka kwenye fyuzi uende mguu namba 30 wa rilei. Namba zimechorwa chini ya rilei yenyewe, angalia kwa tochi. Mguu namba 87 unatoka kwenda chanya ya taa zote mbili.

Hasi za taa zipeleke mpaka nguzo hasi ya betri. Watu wengi huzifunga kwenye boliti yoyote ya fremu, na rangi na kutu vinafanya taa ziwake kwa kusuasua. Waya wa mita moja zaidi haukuumizi.

Mguu 85 nao uende hasi. Mguu 86 ndio wa kuiamsha rilei, na huu unapitia kwenye swichi yako ya usukani. Umeme wake uchukue kwenye waya unaopata volti 12 funguo ikiwashwa na sifuri ikizimwa. Mimi nilichukua kwenye waya unaolisha swichi ya taa ya breki. Thibitisha kwa multimita kabla ya kukata chochote: funguo imezimwa, sifuri, imewashwa, 12 na ushee. Kwa njia hii hata ukisahau swichi, ukichomoa funguo taa zinazima na asubuhi betri iko hai.

Utauliza, kwa wati 18 rilei ya nini? Kusema kweli swichi nzuri ingeweza kubeba ampia moja na nusu bila shida. Naiweka kwa ajili ya hilo la funguo, na kwa sababu siku nikibadili taa kwa kubwa zaidi nitabadilisha fyuzi tu kulingana na waya, njia iko tayari.

Kama umefunga zile za mwanga mwembamba wa mbali, na taa yako kubwa inalishwa na betri, basi mguu 86 uamshe kwa waya wa fulu. Ukishusha dimu nazo zinazima zenyewe, hata mkono ukiwa umechoka.

Maungio yako yote yabane kwa koleo lake, vuta kila kimoja kwa nguvu ya mkono, kisha vika mpira wa kusinyaa. Tepu peke yake inalegea kwa joto la injini na kuacha gundi inayokusanya vumbi. Pitisha waya kando ya nyaya za asili za pikipiki, mbali na bomba la moshi, na zinapopita shingo ya usukani acha nafasi. Kabla ya kukaza vifungo, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, mara kumi, ukiangalia kama kuna waya unaovutika au kubanwa. Mimi nilikuta mmoja unabanwa na tanki. Ungeliwa taratibu, na ningekuja kujua miezi baadaye.

Mahali pa kuzifunga

Gadi ya injini ndipo pazuri kwangu: chini, pana, na imeshikwa kwenye fremu. Shokapu za mbele zinafaa pia kwa taa nyepesi, ila zinapigwa na kila shimo bila kupunguziwa. Kwenye usukani taa inageuka pamoja nawe, lakini iko juu na ni rahisi kuumiza macho ya watu.

Taa zisikae jirani na indiketa. Mwanga mweupe mkali unaumeza ule wa machungwa, na mtu hajui kama unakata kona. Acha angalau upana wa viganja viwili, kisha simama mbele, washa kila kitu usiku, uone kama indiketa inasomeka. Angalia pia madigadi ya mbele: yangu ni nyeupe, na mwanga ulikuwa unaigonga ukanirudia machoni. Nilizisogeza mbele kwa vidole vitatu, tatizo likaisha.

Tumia nati zenye pete ya plastiki ndani, au weka spring washa. Nati ya kawaida kwenye pikipiki hujifungua yenyewe.

Kuzielekeza

Hapa usiwe na haraka. Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta. Hakikisha upepo wa matairi ni sahihi. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, ikiwa wima, nawe ukiwa umekaa juu yake, kwa sababu uzito wako unaikalisha nyuma na kuinua taa.

Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini. Changu ni sentimita 52. Mdogo wangu alichora mstari wa chaki ukutani kwenye sentimita 52, na mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ulale kwenye huo mstari wa chini. Mwanga unaoshuka sentimita 10 kwa kila mita 5 utagusa ardhi mita 26 mbele, na hiyo ndiyo kazi ya taa hizi: kufunika karibu na pembeni, mbali naiachia taa kubwa.

"Kaka, ya kushoto imepanda." Nikashuka, nikalegeza, nikakaa tena. "Sasa imelala sana." Tulikwenda hivyo kama mara sita, kila mara ikiwa ni robo ya mzunguko wa boliti. Ukikaza boliti taa inasogea kidogo, kwa hiyo hukumu usiitoe mpaka umekaza kabisa. Kwa upande, ya kuelekea katikati ya barabara niliielekeza moja kwa moja mbele, na ya kuelekea ukingoni niliifungua nje kidogo, imulike majani.

Usishawishike kumwaga mwanga mwingi mita chache mbele ya tairi. Unapendeza, lakini mboni ya jicho inasinyaa kwa weupe huo wa karibu, na kule mbali kunazidi kuwa cheusi. Nilipozishusha mwanga ukawa mdogo ukutani, na barabarani nikaona zaidi.

Kisha toka usiku, mwambie mwenzako akae kwenye pikipiki taa zikiwaka, wewe tembea mbele kama hatua 50, ugeuke, na uinamishe kichwa hadi kimo cha macho ya dereva wa gari dogo, kama mita 1.1. Ukijikuta unakunja uso, rudi kwenye boliti. Rudia na abiria nyuma ukiwa unabeba watu. Mimi ninapobeba mtu mzito nazima jozi hii nikipishana na gari, maana najua imeinuka.

Baada ya hapo

Baada ya kilomita 100 za kwanza pitia boliti zote kwa spana. Mbili zangu zilikuwa zimelegea. Gusa mgongo wa taa baada ya safari ndefu: kuwa na moto ni kawaida, lakini usizifunike kwa tope, osha mapezi yake. Ukiona ukungu wa maji ndani ya lenzi, mpira wa kuzibia umeachia. Ifungue uikaushe kabla kiakisi hakijala kutu.

Nyuma nako usikusahau, taa hizi hazikusaidii na lori linalokufuata. Nimebandika tepu inayong'aa kwa kumulikwa, nyekundu, kwenye madigadi ya nyuma, na nyingine nyeupe mgongoni mwa koti.

Usiku niliorudi na taa hizi kwa mara ya kwanza niliweka jiwe lilelile. Kwa dimu na jozi ya chini nililiona vilevile mpaka hatua 38, hazikuongezeka. Ila sasa niliona pia mtaro wa ukingoni, na kivuli cha shimo kwenye lami nililokuwa nalipita miezi yote bila kujua lipo. Mwendo wangu usiku nimeushusha hadi 45. Fyuzi mbili za akiba ziko chini ya kiti, kwenye mfuko mdogo wa plastiki, nimezifunga kwa tepu pembeni mwa betri ambako mkono unazifikia hata gizani.